Mbao, sponji, plastiki au chuma: upanga upi wa mazoezi kwa aliye Moshi au Arusha

Mzee aliyenichongea upanga wangu wa pili wa mbao, pale Pasua, aliikataa kazi kwanza. Nilikuwa nimebeba ubao wa mninga, mzuri, wa rangi ya asali, nikamwamkia na kumweleza ninachotaka: kifaa cha mita moja na robo hivi, cha kugonganisha na mwenzangu mazoezini. Aliitikia marahaba, akauchukua ubao, akafumba jicho moja na kuutazama kwa urefu wake wote kama anayelenga kwa manati, akalowesha kidole gumba kwa mate na kukipitisha juu ya nyuzi za mti. Kisha akanirudishia. "Huu ni wa kitanda, mwanangu. Cha kugongana uniletee mti wa mpini wa shoka."

Sikujua wakati ule kwamba alikuwa amesema kile kile wanachosema mafundi wa mbali. Wamarekani huchonga panga zao za mbao kwa hikori, mti ule ule wa mipini yao ya mashoka na nyundo. Sababu ni moja: mpini wa shoka unapigwa kutwa na haupasuki. Tangu siku ile nimeshika aina zote nne za panga za mazoezi zinazozungumzwa, na nataka kuziweka bega kwa bega kwa ajili ya mtu anayeanza akiwa huku kaskazini, ambako lazima uchonge, uunde au uagize kabla hujaupima upanga mkononi.

HEMA ni kifupi cha jina la Kiingereza la sanaa za kihistoria za mapigano za Ulaya. Watu huchukua mafundisho ya walimu wa upanga wa karne ya 14 na kuendelea, yaliyobaki katika maandishi na michoro, na kuyarudisha mwilini kwa mazoezi. Moshi ukisema unafanya hema mtu anafikiri unapeleka wageni mlimani, kwa hiyo sisi husema tu mazoezi ya upanga. Humu nazungumzia zaidi upanga mrefu wa mikono miwili, maana ndio wengi wanaouanza. Na nitasema mapema ninakoelekea: wengi wetu tunachagua upanga kwa kuutazama mkono wetu wenyewe, jinsi unavyokaa na unavyopendeza, wakati wa kumtazama ni yule aliyesimama mbele yetu na alichovaa.

Zinapokutana

Walimu wa Kijerumani waliofuata mapokeo ya Johannes Liechtenauer walikazia jambo moja kuliko mengi: panga mbili zikikutana na kushikana, hisi kwanza. Mwenzako amekaza au amelegea? Amekushika kwa sehemu ya upanga yenye nguvu, karibu na mkono, au kwa sehemu dhaifu, karibu na ncha? Jibu la maswali hayo ndilo linaloamua utafanya nini katika nusu sekunde inayofuata. Upanga usioweza kukupa hisia hiyo, hata uwe mzuri namna gani, utakufundisha kupiga tu.

Hapa chuma hakina mpinzani. Upanga butu wa mazoezi una makali ya bapa ya kama milimita mbili, lakini chuma kikikutana na chuma kinaumana kidogo na kusimama. Unamsikia mwenzako kwenye vidole vyako vya mwisho, kama unavyosikia samaki akigusa mshipi. Akilegeza, unajua kabla hujaona.

Mbao inafuata, na inafuata kwa karibu kuliko watu wanavyodhani. Mti usiopakwa vanishi unashikana na mti mwenzake vizuri. Mtu akikuletea upanga wa mbao unaong'aa kama meza ya sebuleni, upige msasa vanishi yote itoke, maana hiyo ndiyo inayoutelezesha.

Plastiki ngumu, yaani nailoni au polipropilini, ndiyo inayonisumbua. Zikigongana zinarukiana, kila moja inakwenda kwake, na zisiporukiana zinateleza. Nilifanya mazoezi miezi kadhaa na plastiki za mgeni mmoja aliyekuwa akiishi Arusha, na nilipoishika chuma mara ya kwanza nilijikuta natoka kwenye mshikano kila mara, kwa sababu mikono yangu ilikuwa imezoea kwamba hakuna cha kusubiri pale. Ilinichukua muda kuiondoa tabia hiyo. Wapo wanaozipenda, na wana hoja: hazishiki kutu, hazichongeki, na kijana asiye na nguvu nyingi hachoki upesi. Mimi naziweka nafasi ya tatu.

Sponji haina mshikano wa kusema. Ni nene, inaganda, haina upande wa makali. Ila ina sifa moja ambayo hizo nyingine hazina, nitaifikia.

Na mianzi? Kila anayekaa Mianzini pale Arusha huniuliza. Upanga wa mianzi wa kendo ya Kijapani, wa saizi ya watu wazima, una sentimita 120 na kwa wanaume huanzia gramu 510. Hiyo ni kama theluthi tu ya uzito wa upanga mrefu wa chuma wa mazoezi. Ni wa mviringo, unadunda, na mwanzi ukipasuka unatoa vibanzi vinavyoweza kupenya wavu wa kinyago. Usijitengenezee.

Ncha na mizani ya bafuni

Kwenye kukata, mbao, plastiki na chuma vyote vinauma. Tofauti kubwa iko kwenye kuchoma kwa ncha.

Upanga wa mazoezi wa chuma unaofaa huitwa federi, neno la Kijerumani lenye maana ya unyoya na pia springi. Uangalie kwa karibu: juu tu ya kinga ya mkono, kile kijiti cha msalaba, bapa lake, yaani mwili wa upanga, ni pana kama masikio mawili yaliyotokeza, kisha linapungua ghafla na kuwa jembamba hadi kwenye ncha iliyopanuliwa au kukunjwa. Umbo hilo halikubuniwa jana. Linaonekana katika michoro ya Joachim Meyer iliyochapwa Strasbourg mwaka 1570. Lina kazi: uzito unabaki karibu na mkono, na sehemu ya mbele inakuwa nyembamba kiasi cha kupinda inapogusa kifua cha mtu. Federi za kawaida zina urefu wa sentimita 125 hadi 135 na uzito wa kilo 1.3 hadi 1.6. Ukiilaza kwenye kidole, inasimama sawa kwenye sentimita 5 hadi 10 mbele ya kinga ya mkono. Ikienda mbele zaidi ya hapo, utaisikia begani baada ya dakika kumi.

Kupima kupinda kwake hakuhitaji maabara. Weka mizani ya bafuni sakafuni, simamisha upanga wima ncha ikiwa juu ya mizani, weka kiganja kwenye tufe la mpini, lile donge la mwisho wake, na ubonyeze polepole huku mtu wa pili akisoma namba. Utaona mshale unapanda, unapanda, halafu bapa linakubali na kupinda upande mmoja na mshale unasimama. Namba hiyo ndiyo nguvu itakayoingia mwilini mwa mwenzako kabla upanga haujasalimu amri. Ninazoziamini hupinda kati ya kilo 8 na 14. Ukifika 15 na upanga bado umesimama kama nguzo, uache kwa mazoezi ya peke yako.

Sasa fanya hivyo hivyo na upanga wa mbao. Hautapinda. Unaweza kuegemea kwa uzito wako wote. Hii ndiyo sababu kwetu hakuna kuchoma kwa mbao katika mchezo huru, yaani kupigana bila mapigo kupangwa, na hata katika zoezi la polepole ncha inasimama kiganja kimoja kabla ya mwili. Hatujapoteza kitu kikubwa kwa sheria hiyo: katika mazoezi ya Wajerumani wa wakati wa Meyer, kuchoma kwa upanga mrefu kulikuwa kumeachwa.

Plastiki hupinda, nyingine vizuri na nyingine kupita kiasi, hadi ukichoma unaona ncha inakimbilia pembeni. Sponji yenye bomba la plastiki ndani nayo isikudanganye: sponji ya ncha ikichakaa, unachoma kwa bomba. Kila Jumamosi kabla ya kuanza tunabonyeza ncha zote kwa kidole gumba. Ukisikia kigumu, upanga huo haushuki uwanjani.

Vidole

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo tulipoumia.

Mikono ndiyo iliyo mbele kabisa unaposhika upanga mrefu, na kinga yake ni kijiti tu cha msalaba. Mwaka wetu wa kwanza tulikuwa na panga za mbao na glavu za bustanini. Tulikubaliana kwenda taratibu. Tulikwenda taratibu kwa wiki kadhaa, kisha jioni moja wawili wetu wakachangamka, kama watu wanavyochangamka, na pigo moja likateleza kwenye kinga na kushuka juu ya kidole cha shahada cha rafiki yangu. Haukuwa mshindo mkubwa. Nakumbuka alivyoutua upanga chini kwa utaratibu, akavua glavu, na ukucha ulikuwa tayari mweusi. Mfupa ulikuwa umevunjika. Yeye ni fundi cherehani. Wiki sita hakushika mkasi, na sisi tuliobaki tulichanga kodi ya kibanda chake kwa sababu kosa lilikuwa letu sote.

Tangu hapo tuna kanuni ambayo haijadiliwi: aina ya glavu ndiyo inayoruhusu aina ya upanga. Mikono mitupu au glavu za kazi, sponji tu. Glavu nene za kujazwa, kama zile za hoki ambazo mara moja moja hutokea kwenye marobota ya mitumba ya Memorial au Kilombero, unaweza kufanya mbao na plastiki kwa zoezi la kupangwa, si kwa mchezo huru. Federi katika mchezo huru inataka glavu zilizotengenezwa kwa ajili ya upanga mrefu wa chuma, zenye magamba magumu juu ya kila kidole na juu ya kidole gumba. Bei yake inakaribia bei ya upanga wenyewe, na watu wakisikia hivyo hukata tamaa au hujidanganya. Usijidanganye. Plastiki nayo inavunja vidole. Kwa sababu imeandikwa ni ya mazoezi, watu huipiga kwa nguvu ambayo wasingethubutu kwa mbao.

Kuna njia ya pembeni ambayo nashangaa haipendekezwi zaidi kwa watu wa mfuko mdogo: acheni upanga mrefu kwanza, mchukue kitara cha mkono mmoja, kile cha wanajeshi wa karne ya 19, chenye bakuli au utepe wa chuma unaoukumbatia mkono wote. Bakuli hilo linafanya nusu ya kazi ya glavu. Upanga mwembamba mrefu wa kuchoma nao una kikapu cha kinga, lakini ule ni wa ncha kutoka mwanzo hadi mwisho, na ncha inataka kinyago na kinga ya koo za uhakika kuliko zote.

Kuhusu kinyago: ni wavu wa chuma wa mchezo wa vitara, wenye kitambaa cha koo. Vitambaa hupimwa kwa nyutoni, kipimo cha nguvu. 350 ni daraja la chini, 1600 la juu. Helmeti ya bodaboda haifai. Kioo chake hufunguka kwa pigo la chini kwenda juu, koo linabaki wazi, na ncha inayopanda kutoka kifuani inaingia chini ya kidevu bila kizuizi chochote. Nimeona vijana wakiitumia na nimewaomba waache, na nakuomba na wewe.

Mbao, kama utaagiza kwa fundi

Panga zetu za kwanza kabisa zilichongwa kwa mabaki ya mgrevilea, ule mti wa kivuli uliojaa kwenye migomba na kahawa huku mlimani. Ni mti mwepesi, unapatikana kirahisi, na fundi anaupenda kwa sababu haumsumbui. Jumamosi ya tatu upanga mmoja ulikatika kwenye kifundo, kipande cha mbele kikaruka hadi kwenye mabati ya jirani. Bahati hakikuelekea upande ule mwingine, walikokuwa wamekaa watoto wanaotazama.

Mninga, alivyosema mzee, ni wa samani. Una umbo zuri na hautembei sana unapokauka, lakini si mti wa kupokea mishtuko. Mkaratusi una nguvu, ila unajinyonga na kupasuka usipokauka polepole. Mpingo ni mgumu kuliko yote, mzito hadi unazama majini, na mtu akiushika anadhani amepata. Upanga wa mpingo ungekuwa mzito kuliko federi, na ungempiga mwenzako kama nondo. Isitoshe, ni mti unaokua polepole mno, na watu wa Moshi wamehangaika kuurudisha: marehemu Sebastian Chuwa alianzisha na Mmarekani James Harris mradi wa kuuhifadhi na kuupanda mwaka 1996. Tuuachie zumari na vinyago.

Kwa hiyo nenda kwa wanaouza mipini ya majembe na mashoka. Waulize mti gani hauwarudii na malalamiko. Mpera ni mmoja wao, mgumu na wenye kunyumbuka kidogo, ingawa kupata kipande kilichonyooka cha mita moja na robo ni kazi. Utakapopata ubao, tazama nyuzi: zikimbie moja kwa moja kutoka mpini hadi ncha. Zikikatiza kutoka upande mmoja kwenda mwingine, hapo ndipo utakapokatika, hata mti uwe mzuri namna gani. Uwe umekaukia kivulini.

Mweleze fundi mambo machache na uyachore kwenye karatasi kwa ukubwa halisi. Makali yawe ya mviringo, unene wa penseli, yasichongwe kuwa membamba. Ncha iwe pana na ya duara kama kijiko. Mpini uwe wa umbo la yai, si la duara. Hili mafundi husahau kwa sababu mpini wa jembe ni wa duara, lakini ukiwa na mpini wa duara hujui gizani wala unapochoka makali yameelekea wapi, na nusu ya kujifunza upanga ni kujua hilo. Kinga ya mkono ipenye ndani ya tundu na kushikwa kwa gundi ya mbao. Misumari hulegea na kutoka kwa ncha yake mbele. Tufe la mpini aliache kubwa, maana ndilo pekee linalorudisha uzito nyuma.

Urefu? Filippo Vadi, mwalimu wa Kiitaliano wa karne ya 15, alitaka upanga ukisimamishwa chini tufe lake lifike kwapani. Ni kipimo kizuri na hakihitaji futi. Usikubali sentimita 130 kwa sababu tu mtandaoni ndizo zinazouzwa. Mama mmoja katika kikundi chetu ana upanga wa sentimita 116 na ndiye anayetushinda wengi kwa mshikano.

Mbao ukiipaka mafuta ya kitani mara mbili kwa mwaka na kuilaza bapa, badala ya kuiegemeza ukutani, itakaa. Arusha iko juu, kama mita 1,400, na ile baridi yenye manyunyu ya Juni na Julai huipindisha mbao iliyoegemezwa kona ya chumba. Moshi joto huikausha na kuipasua kichwani. Kila wiki pitisha kiganja chenye kitambaa laini juu yake. Kitambaa kikinasa, kuna kibanzi, chukua msasa.

Je, mhunzi wetu hawezi?

Wengi huniuliza, na ni swali la haki. Wahunzi wa Kichagga, hasa wa upande wa Mamba na Marangu, wamefua mikuki na sime kwa vizazi, nyingine zikienda kwa Wamasai. Chuma cha springi ya gari kimejaa kwenye skrepa. Kwa nini usifuliwe upanga hapa?

Ugumu uko kwenye moto, si kwenye nyundo. Chuma kikipashwa na kupozwa ghafla kinakuwa kigumu na pia kinakuwa kama kioo. Lazima kipashwe tena kwa moto mdogo na wa sawasawa ili kirudishiwe unyumbukaji. Sime ni fupi, inalala yote ndani ya makaa. Bapa la mita moja, jembamba, linalotakiwa kupinda mara elfu na kurudi, linahitaji tanuri refu lenye joto lile lile kutoka mwanzo hadi mwisho. Sehemu moja ikibaki ngumu, hapo ndipo siku moja litakatika, na chuma kilichokatika hakina ubutu: kinabaki na jino kali mkononi mwa mtu ambaye tayari ameanza kuchoma. Viwanda vya Ulaya hutumia chuma cha springi kama 51CrV4 na hukipima. Namheshimu mhunzi wetu sana, na nimemwomba atutengenezee kinga za mkono na tufe. Bapa la kupigania watu wawili bado naliagiza.

Nondo na flatibaa kutoka kwa mchomeleaji, hapana kabisa. Hazipindi na kurudi; zinapinda na kubaki, au hazipindi.

Kuagiza

Federi mpya kutoka kwa mafundi wa Ulaya, kama Regenyei wa Hungaria, huwa kati ya euro 250 na 400, yaani zaidi ya laki sita za kwetu kabla ya usafiri. Plastiki, kwa mfano za Black Fencer wa Hispania, ni rahisi kwa zaidi ya nusu. Lakini kifurushi kirefu ni kifurushi kirefu. Usafiri wa plastiki na wa chuma haupishani sana, na juu yake kuna ushuru na VAT ya asilimia 18. Ukishajumlisha, ule unafuu wa plastiki uliouona kwenye picha umepungua sana. Hii ni sababu yangu ya pili ya kuiruka.

Kabla hujalipa, nenda forodha na polisi uulize kwa mdomo na picha mkononi. Mwombe muuzaji aandike wazi kwamba ni upanga butu wa michezo. Lugha yetu yenyewe inaleta utata hapa: upanga mmoja, panga mbili, na panga ni kile kingine cha kufyekea ambacho kila askari anakijua kwa habari mbaya. Sisi tulimweleza pia mwenyekiti wa mtaa, tukamwalika aje kuona. Alikuja, akakaa saa nzima, akashika kinyago. Tangu siku ile akiulizwa na wapita njia anajibu yeye.

Njiani, beba ndani ya bomba la plastiki la inchi nne lenye vifuniko pande zote mbili. Linaingia chini ya viti vya daladala, na hakuna anayeona bapa. Arusha mjini Mmasai anatembea na sime kiunoni na hakuna anayegeuka, lakini kijana wa jinzi mwenye upanga wa mita moja na robo ni habari nyingine.

Federi ukiipata, ifute jasho kila baada ya mazoezi kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani. Wakati wa masika kutu inaanza usiku mmoja. Makali yakipata meno kutokana na kugongana, yapitishe tupa taratibu hadi kidole kisinase.

Kwa hali yako

Ukiwa peke yako, huna mwenzako bado: mbao, ya mpera au mti wa mipini, na usinunue kingine chochote mwaka huu. Zoezi la hatua na mikato hewani linahitaji uzito wa kweli na mpini wa umbo la yai, basi.

Mkiwa wawili au watatu wenye hamu ya kupigana leo na hamna vinyago: sponji. Hii ndiyo sifa niliyoahidi kuitaja. Bomba la nusu inchi, sponji nene, tepu, kitambaa juu, na miwani ya kukinga macho. Haifundishi mshikano, lakini inafundisha umbali na wakati, na woga wa kwanza unatokea hapo. Kwa watoto, sponji tu, wala mbao wasishike wakiwa wawili.

Mkiwa kikundi cha watu watano hadi kumi, ushauri wangu ni huu, na najua wengine wataupinga: kila mtu awe na mbao yake, fedha za pamoja za kwanza ziende kwenye vinyago viwili na kinga mbili za koo, zinazofuata kwenye jozi mbili za glavu za kweli, na za tatu kwenye federi mbili zinazofanana uzito na urefu. Federi mbili, si moja kwa kila mtu. Wawili wanapigana, wengine wanatazama, wanahesabu, wanapumzika na kusubiri zamu. Sisi watu saba tumeishi hivyo miaka miwili na hakuna aliyekosa zamu.

Plastiki ningeichagua katika hali moja: kama mgeni anahama na anaziuza hapa hapa mjini kwa bei ya kuondokea, na vinyago na glavu mnazo tayari. Chukueni, mzitumie kwa wanaoanza, na msizizoee.

Na kama ni mbao, siku ya kuuchukua upanga kwa fundi nenda na mwenzako mtakayefanya naye mazoezi. Simameni pale pale kwenye vumbi la randa, wewe na upanga mpya, yeye na wa zamani, mzikutanishe polepole na kusukumana kidogo. Akisema kinga inamgusa vidole au ncha inamtisha, mpe fundi arudie kabla hujalipa.